Diski Iliyochomolewa Wakati wa Adhana

Toeni mkono kwenye kitufe kwanza, halafu tusalimiane. Marahaba, wanangu, marahaba. Nawajua nyinyi. Mashine ikiuliza swali, kidole kinajibu kabla macho hayajamaliza kusoma, halafu mnakuja kwangu na kitu ndani ya bahasha ya kaki mnasema, "Babu, jana ilikuwa inafanya kazi." Jana kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Hata magoti yangu.

Nimetengeneza mashine hapa Ngamiani tangu zama za taipureta mpaka hizi kompyuta za kubebwa kwapani. Sasa nimestaafu, nimebaki na kiti changu barazani na ulimi wangu. Basi kaeni niwape habari ya kazi yangu ya mwisho, ile diski ya Zuhura, kwa sababu ndani yake mna mambo ambayo sidhani kama mtafundishwa chuoni, na mengine niliyajua kwa kuharibu mali za watu.

Zuhura ni mpiga picha za video, lakini si wa kila shughuli. Yeye ni wa shughuli za wanawake tu. Kwetu siku ya singo, mwari anaposingwa na kupambwa kabla ya harusi, mwanamume hasogei hata karibu na ua. Humo ndani wanawake wamevua mabaibui, nywele nje, wanacheza watakavyo kwa kuwa wapo wenyewe. Kwa hiyo mpiga picha lazima awe mwanamke, na kinachorekodiwa kinabaki kwa wanawake. Zuhura amejenga jina lake juu ya amana hiyo. Mtu akimpa kazi, analala usingizi.

Alikuja kwangu asubuhi moja na binti mwingine aitwaye Mwanaidi, mja mzito, tumbo ndiyo kwanza linaanza kuonekana. Shikamoo zikatoka nyembamba. Zuhura akaiweka diski juu ya meza yangu kwa mikono miwili kama anaweka yai. Ilikuwa diski ya nje, ile mnayoiita ekstano, kiboksi cheusi cha kutosha kiganjani.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Miezi minane nyuma Mwanaidi aliolewa, na siku ya singo mama yake alisimama kumuusia mbele ya wanawake. Katikati ya maneno ikaadhiniwa alasiri. Mama akanyamaza, kama tunavyonyamaza sote, na adhana ilipokwisha akaendelea. Mwanaidi wakati huo amefunikwa kanga kichwani, analia, shoga zake wamemzunguka, hata hayo yaliyosemwa baada ya adhana hakuyasikia. Hakujali. Mama si yupo, atamuuliza siku yoyote. Harusi ikapita, Zuhura akaunga filamu yake akawapa wenyewe kwenye flashi, na ule wasia akauondoa wote kwa sababu adhana ilikuwa imeukatisha, na watu hupenda kuona ngoma na nguo. Haikupita miezi sita mama akashikwa na homa, siku tatu tu, akafariki.

"Picha zake ninazo nyingi, babu," Mwanaidi akaniambia. "Sauti yake sina. Na sijui alimalizia vipi."

Rekodi nzima, ile isiyokatwa, ilikuwa mahali pamoja tu duniani, nayo ni diski ile iliyolala mezani kwangu.

Sasa sikilizeni ilivyoharibika, na msimcheke Zuhura, maana kila mmoja wenu angefanya vilevile. Yeye anahariri kwenye kompyuta ya Mac. Mdogo wake anayemsaidia ana laptopu ya Windows. Diski ikawa inatembea kati ya dada hawa wawili, leo huku kesho kule. Siku Mwanaidi alipokuja kuiomba ile rekodi, Zuhura akachomeka diski kwenye Mac. Mashine ilikuwa ikiandika kazi nyingine ndani ya diski hiyohiyo, na huku anamfungulia mgeni wake video ya ngoma iliyo humohumo, kwenye spika kubwa ili asichoke kungoja. Msikiti uko ng'ambo ya kichochoro chao. Mwadhini akaanza. Zuhura akabonyeza ili kuzima, mashine imeganda. Akabonyeza tena, wapi. Ngoma inalia, vigelegele vinalia, na juu mnarani jina la Mungu linatajwa, na majirani wote wanajua kelele inatoka nyumba gani. Aibu ikampanda. Akaikamata diski akaichomoa.

Ngoma ikanyamaza, ni kweli. Heshima ya adhana aliitimiza, lakini diski aliiacha katikati ya sentensi.

Baada ya kuswali akairudisha, Mac haikuonyesha kitu. Wakaenda mbio kwenye duka moja la kutoa kopi lenye Windows. Huko mashine ikasema diski hii haisomeki, lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike, je, iifomati? Mwenye duka alikuwa ameshapeleka mshale kwenye ndiyo. Mwanaidi hajui lolote la kompyuta, lakini aliona jinsi Zuhura alivyobadilika uso, akamshika yule mwanamume mkono. Mtoto wa kike wa watu, hamjui yule bwana hata kwa jina, akamkamata kiganja mbele ya wateja. Wallahi hapo aliokoa kila kitu, na hakuna mtu aliyemfundisha.

Kufomati ni kuupangusa ubao na kuupigia mistari upya. Mashine ikikuuliza kama iifomati, si kwamba inakushauri. Inasema tu kwamba yenyewe haijui kusoma kilichoandikwa pale, basi ipe ubao mtupu. Huenda maandishi ni mazima kabisa, shida ni msomaji.

Mnadhani hilo nililisoma wapi? Zamani kidogo mwalimu wa kwaya wa Pongwe, Mlutheri, mtu mpole sana, aliniletea diski yenye nyimbo zao za miaka mingi. Zilikuwa zimerekodiwa mahali wanapotumia Mac, na diski imepangwa kwa utaratibu wa Mac. Mimi nikaichomeka kwenye Windows yangu. Swali likaja, lilelile. Nami kwa ujuaji wangu, fundi mkuu wa Ngamiani, nikaona mashine inajitolea kunisaidia, nikabonyeza ndiyo. Diski ikafunguka safi, inang'aa, tupu. Mwalimu alikuwa hapohapo anakunywa kahawa yangu, na ilinibidi nimwambie usoni. Aliiacha kahawa mpaka ikapoa. Kisha akasema wataimba tena, ila yule besi wao mkubwa ameshahamia Arusha. Waliimba tena kweli, wakanialika nikasikilize. Nikakaa benchi la nyuma na kofia yangu ya kiua, na kila besi ilipotakiwa kuingia mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Sijapata kuona aibu vile.

Kwa hiyo yakaririni haya. Diski inaweza kupangwa kwa utaratibu wa Windows: Mac itaisoma, lakini kuandika juu yake itagoma. Inaweza kupangwa kwa utaratibu wa Mac: Windows haitaitambua kabisa, itakuuliza lile swali la balaa. Na kuna utaratibu wa tatu, wa kushirikiana, ambao zote mbili zinasoma na kuandika. Huo ndio aliokuwa nao Zuhura, na alifanya sawa kuuchagua. Lakini utaratibu huo una kilema chake. Hauweki daftari la kumbukumbu za kazi inayoendelea. Ukiukatiza njiani haujui ulikuwa umefika wapi. Ndiyo maana diski haichomolewi, diski inaagwa. Unaiambia mashine unataka kuitoa, unangoja ikuruhusu, ndipo unaondoka nayo. Mgeni mwenye adabu haondoki kwa watu bila kuaga. Na mashine ikiganda adhana inaanza, zima spika. Spika ina kitufe chake, jamani.

Nilimwambia Zuhura hivyo akainamisha kichwa. Nilikuwa mkali kuliko ilivyostahili, nikajuta baadaye.

Tukaanza kazi. Kwanza nikabadilisha waya, kwa sababu nusu ya diski zote nilizoletewa kama maiti ugonjwa wao ulikuwa waya. Nikaachana na kile kigawanyio cha matundu ya USB anachotumia Zuhura, maana kinagawa umeme kidogo mno, nikachomeka moja kwa moja. Kisha nikaweka sikio. Diski ikizunguka kwa mvumo mmoja kuna matumaini. Ikigonga tiki, tiki, tiki, zima upesi, usiendelee kuitesa. Ile ilivuma. Nikamwambia Mwanaidi inavuma, akaniuliza kama hiyo ni habari nzuri, nikamwambia ni nzuri. Hapo ndipo alipokaa kitini kwa mara ya kwanza.

Aliyenifundisha kutega sikio ni marehemu Mzee Shekue, Mbondei wa upande wa Muheza, ambaye nilibeba mkoba wake wa bisibisi miaka sita. Alikuwa fundi wa taipureta na redio, na kompyuta hakuwahi kuigusa, lakini kila nilichofanya kwenye kompyuta kilitoka kwake. Mashine iliyokwama, alisema, usiilazimishe. Na alikuwa na sheria moja aliyonichapia kofi. Tulikuwa ofisini kwa watu, taipureta imekwama na barua ndani yake, nami nikaanza kuisoma ile barua. Kofi la kisogoni likanifikia kabla sijamaliza mstari wa pili. Tulipotoka nje akaniambia, "Fundi haendi kusoma barua. Anakwenda kuitoa karatasi."

Nikairudia diski. Nina kompyuta yangu ya zamani, haina Windows wala si Mac, ina mfumo wa tatu ule wa bure unaopendwa na mafundi, na sifa yake ni kwamba ukiiambia isome bila kugusa, haigusi. Kwa hiyo nikatoa nakala ya diski nzima, chembe kwa chembe, na uzima wake na ugonjwa wake, nikaipeleka kwenye diski yangu nyingine. Ikachukua kutwa. Hii ndiyo sehemu vijana hamuipendi kwa sababu hakuna cha kubonyeza. Unakaa. Ilipokwisha, ya Zuhura nikaifungia kabatini, nikaanza kuitibu nakala. Nikikosea, nimeua kivuli, mtu mwenyewe yuko kabatini.

Nikairuhusu Windows ikague nakala na kuunganisha vilivyokatika. Kesho yake asubuhi nikakuta imeokota karibu kila kitu. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikatazama vizuri furaha ikapungua. Mafaili mengi yalikuwa yamerudi bila majina, yamerundikwa kwenye kapu moja, kila moja limepewa namba tu. Yalikuwa mia nne na ushei. Ndani ya mia nne hizo kuna mama mmoja anazungumza, lakini yupi? Ili kumjua, lazima uyafungue moja moja na kuyatazama.

Na yote ni shughuli za wanawake.

Wale mabinti walikuwa wameshafika, na mke wangu amewakaribisha chai. Nikawaeleza. Zuhura akanitazama, akamtazama Mwanaidi, akasema kwa sauti ya chini, "Babu, wewe ni mtu mzima, na hii ni dharura. Angalia tu. Nani atajua?"

Nitawaambieni ukweli, nilisita. Mimi najua mafaili, ningezipitia zile namba kwa mchana mmoja. Wao wangechukua siku mbili tatu, na wangeweza kufuta kitu kwa bahati mbaya. Na Mwanaidi pale, macho mekundu, ananitazama. Ningetazama, hakuna ambaye angenilaumu. Lakini humo hamkuwa na singo yake peke yake. Mlikuwa na mabinti wa nusu ya mji huu, na wengine ni wajukuu wa watu ninaoswali nao safu moja. Kila mmoja alivua baibui lake akijua aliyeshika kamera ni Zuhura. Na shingo yangu ikakumbuka lile kofi.

"Nitajua mimi," nikamwambia. "Kaa kwenye kiti changu."

Basi nikafundisha kwa mgongo. Nilizima kwanza vile vipicha vidogo vinavyotokea juu ya mafaili, yakabaki majina na ukubwa tu, nikawaonyesha kila hatua kwa faili la kwangu la majaribio, kisha nikageuza kiti nikaelekea ukutani. Msitazame madogomadogo, niliwaambia, mama alizungumza muda mrefu, anzeni na makubwa. Fungueni, sikilizeni kidogo, fungeni, lipeni jina, nendeni linalofuata. Msifute hata mkiona baya. Baadaye sauti za vigelegele na maneno ya somo, yule kungwi wa mwari, zikaanza kutoka, mambo ambayo mzee hapaswi kuyasikia, nikachukua kiti changu nikahamia barazani. Wakawa wanakuja mlangoni kuuliza: babu, hili linagoma. Lina ujumbe gani? Nisomee. Wananisomea, nawaambia la kufanya, wanarudi ndani. Siku ile ya kwanza ikaisha hivyo. Mwanaidi alipotoka jioni hakuniaga vizuri. Nilihisi ameshaanza kukata tamaa.

Siku ya pili wakawahi mapema. Mimi nikawa barazani tangu saa mbili, naulizwa, najibu. Zuhura, nikawa namsikia, mkono umeshakuwa mwepesi, anamwelekeza mwenzake kama amezaliwa nayo kazi. Jambo moja liwatoshe hapa: nilipomgeuzia mgongo ndipo aliposhika ufundi. Ningekaa mwenyewe kwenye kile kiti, angeondoka na faili lake na ujinga wake.

Ng'ambo ya kichochoro pana muuza kahawa ambaye redio yake haizimwi ila kwa adhana. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, yeye anasikiliza mpira uliochezwa jana. Mara nikasikia adhana.

Muuza kahawa akaikimbilia redio yake akaizima. Akatazama juu. Akatazama saa yake. Akanitazama mimi, nami nikamwona mtu mzima mwenye mvi amechanganyikiwa, anauliza kwa macho kama kiama kimekaribia. Maana saa nne asubuhi haina swala ya kuadhiniwa, na sauti haikutoka mnarani. Ilitoka dirishani kwangu.

Nikasimama. Magoti yenyewe hayakukumbuka kuuma. Ndani kulikuwa kimya, hakuna anayesema, ni adhana ya alasiri ya miezi minane iliyopita inasomwa mpaka mwisho, na nyuma yake, mbali kidogo, mtoto anakohoa na bangili zinagongana. Zuhura aliniambia baadaye kwamba muda wote ule kamera ilikuwa juu ya uso wa mama, macho ameyafumba, midomo inamfuatisha mwadhini. Hicho ndicho kipande alichokiona hakina maana akakikata. Mimi sikukiona na sitakiona, lakini niliusikia ukimya wake wote, na huo sidhani kama ni haramu.

Adhana ikaisha. Nikaanza kuondoka dirishani ili nisisikie ya wanawake, sijafika mbali nikasikia ndani ya mashine wanawake wote wanaangua kicheko. Halafu kicheko kingine, kibichi, cha mtu mmoja, na hicho hakikutoka kwenye mashine.

Mwanaidi akatoka barazani, uso umelowa, mkono mmoja umeshika mlango. Analia na kucheka kwa pamoja, nikashindwa kujua nimpe pole au hongera. Nikamuuliza amesikia alivyomalizia?

"Alisahau, babu," akasema. "Adhana ilipokwisha akauliza, 'Nilikuwa nasema nini?' Hakuna anayekumbuka. Akasema, 'Basi nitamwambia siku nyingine. Tuna siku nyingi.'"

Akakaa pale chini karibu na kiti changu, akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Miezi yote ile alidhani amekosa neno zito la mama yake, neno la kuishi nalo. Kumbe alichokikosa ni mama yake mwenyewe, alivyo, msahaulifu, anajicheka mbele ya watu, nacho sasa kimerudi. Akaniambia mtoto akizaliwa atamchezea rekodi hivyohivyo bila kukata, na adhana yake yote. Muuza kahawa akavuka na vikombe vitatu bila kuagizwa, akitaka kujua kimetokea nini, tukamwambia ni diski tu imepona.

Kabla hawajaondoka Zuhura alinakili rekodi ile mara mbili, moja ya Mwanaidi, moja ya kuweka kwa dada wa marehemu mama. Nikamwangalia kwa pembeni. Alipomaliza aliiambia mashine anataka kuitoa diski, akaondoa mkono mezani, akaukunja, akangoja mpaka akaruhusiwa.

Nanyi wanangu mna siku nyingi, inshallah. Hata hivyo wekeni nakala mbili.